Mwite Padre Mgonjwa Akiwa Bado Anaongea: Namna ya Kuandaa Mpako wa Wagonjwa Nyumbani na Hospitalini

Simu nyingi za kuomba padre hunifikia usiku, na nyingi huanza kwa maneno yale yale: "Mwenyekiti, hali imebadilika." Nimekuwa mwenyekiti wa jumuiya, kikundi cha familia za Kikatoliki za mtaa mmoja, kwa miaka tisa, huku upande wa Kimara, Dar es Salaam, na nimekwisha kujua maneno hayo yamebeba nini. Mgonjwa yuko kitandani wiki ya tatu, ndugu wamekuja na kuondoka, dawa zimebadilishwa mara mbili, uji umeanza kumshinda, na muda wote huo hakuna aliyethubutu kutaja padre, kwa sababu kumtaja padre mbele ya mgonjwa huonekana ni kumtangazia kifo. Mwongozo huu nauandika kwa ajili ya familia na viongozi wa jumuiya ambao wangependa simu hiyo ipigwe wiki mbili kabla, saa nne asubuhi, na mgonjwa mwenyewe akiwa ndiye aliyesema, "Niitieni padre."

Hofu yenyewe haikuzuka bure. Kwa karne nyingi sakramenti hii ya Mpako wa Wagonjwa, ambamo padre humwombea mgonjwa na kumpaka mafuta, iliitwa Mpako wa Mwisho, na kweli ilitolewa mwishoni, baada ya kitubio, yaani kuungama dhambi, na baada ya Komunyo ya mwisho, wakati mgonjwa hana tena nguvu ya kuitikia. Bibi yangu, aliyelelewa misioni ya Matombo huko Uluguru, alikuwa akitusimulia jinsi padre alivyompaka baba yake machoni, masikioni, puani, mdomoni, mikononi na miguuni, kila kiungo kwa maneno yake ya Kilatini, na jinsi wanawake walivyoanza kulia mara tu walipoiona ile stola ya zambarau, kitambaa kirefu anachovaa padre shingoni, ikiingia uani. Hata hivyo Kanisa halikuwahi kufundisha rasmi kwamba mpako ni wa wanaokata roho peke yao. Mtaguso wa Trento, yaani mkutano mkuu wa maaskofu, mwaka 1551, uliletewa rasimu iliyosema hivyo, na mababa wakalibadili neno moja: badala ya "wale tu" walio katika hatari ya kufa, wakaandika "hasa wale". Mlango uliachwa wazi kwa neno hilo, ingawa desturi iliufunga kwa miaka mia nne iliyofuata.

Mtaguso wa Pili wa Vatikano ndio ulioufungua tena. Konstitusio juu ya Liturujia, yaani hati yake kuhusu ibada, iliyotangazwa tarehe 4 Desemba 1963, inasema katika ibara ya 73 kwamba jina lifaalo zaidi ni Mpako wa Wagonjwa, na kwamba wakati wa kuupokea umekwisha kuwadia pale mwamini anapoanza kuwa katika hatari ya kufa kwa sababu ya ugonjwa au uzee. Naomba msomaji alishike hilo neno "anapoanza", maana mambo yote nitakayoeleza hapa yanalitegemea. Miongoni mwa maaskofu walioketi katika Mtaguso huo alikuwamo Kardinali Laurean Rugambwa, ambaye baadaye aliliongoza Jimbo Kuu la Dar es Salaam kwa zaidi ya miaka ishirini.

Tarehe 30 Novemba 1972 Papa Paulo VI alitoa utaratibu mpya wa sakramenti yenyewe. Viungo vya kupakwa vikapunguzwa hadi paji la uso na mikono. Maneno ya zamani, yaliyoomba msamaha wa makosa ya kila kiungo, yakaachwa, na sala mpya ikachukua nafasi yake, ambayo inamwomba Bwana amsaidie mgonjwa kwa neema ya Roho Mtakatifu, amwokoe baada ya kumweka huru na dhambi, na amwinue. Mafuta, ambayo zamani yalipaswa kuwa ya zeituni tu, sasa yanaweza kuwa ya mmea mwingine pale ambapo ya zeituni ni shida kupatikana. Mpangilio nao uligeuzwa: kwanza kitubio, kisha mpako, na mwishoni Ekaristi, yaani Komunyo, ambayo kwa anayekaribia kufa huitwa Viatiko, yaani masurufu ya safari. Sakramenti ya mtu anayekufa ni hiyo Ekaristi. Mpako ni wa mgonjwa anayeugua, anayepigana na ugonjwa wake, na anayeweza pia kupona.

Nani apakwe, na lini

Kipimo ni ugonjwa mzito au uzee uliodhoofisha, na Kanisa halidai uhakika wa daktari kwamba mtu atakufa. Anayeanza matibabu ya saratani anafaa kupakwa, na si lazima angoje dawa zishindwe. Vivyo hivyo aliyepata kiharusi, mwenye figo anayesafishwa damu kila wiki, mwenye moyo uliochoka, mwenye kisukari ambacho kimeanza kula miguu, na mama mjamzito aliyepatwa na kifafa cha mimba, ingawa ujauzito wenyewe si ugonjwa na hauhitaji mpako. Mtu anayekwenda kufanyiwa upasuaji apakwe kabla ya kuingia chumba hicho, ikiwa kinachompeleka huko ni ugonjwa wa hatari. Anayekwenda kung'olewa jino asimsumbue padre. Mzee ambaye nguvu zimemwishia anaweza kupakwa hata kama hana ugonjwa wenye jina. Mtoto naye hupakwa akiwa amefikia umri wa kuelewa kidogo kwamba anatiwa nguvu na Mungu, na familia nyingi hulisahau hilo kwa sababu zinadhani sakramenti hii ni ya watu wazima.

Swali ninaloulizwa mara nyingi kuliko yote ni hili: akipakwa leo kisha akapona, akiugua tena itakuwaje? Atapakwa tena. Kanuni ya 1004 ya Sheria za Kanisa inaruhusu mpako kurudiwa mtu anapopata nafuu kisha akaanguka upya, au hali inapozidi kuwa mbaya katika ugonjwa ule ule. Kwa hiyo hakuna sababu ya kuuweka mpako akiba kama sanda kabatini.

Aliyepoteza fahamu apakwe pia, ikiwa inaaminika kwamba angekuwa na akili zake angeomba. Aliyekwisha kufa hapakwi, na hilo nitalirudia mbele kwa sababu linanihusu.

Kupiga simu

Mwambieni mgonjwa kwanza. Msimfanyie mipango nyuma ya mlango kana kwamba ni mtoto. Nimeona mama mmoja mtu mzima akigeuka ukutani padre alipoingia, si kwa kumkataa Mungu, bali kwa sababu watoto wake hawakumwambia kitu, naye akaelewa kutokana na nyuso zao kwamba daktari amesema hatapona. Maneno mepesi yanatosha: "Mama, tumeona tumwombe padre aje akuombee na akupake mafuta ya wagonjwa, upate nguvu ya matibabu." Maneno hayo ni ya kweli na ndiyo mafundisho yenyewe; hakuna hila ndani yake.

Kisha mpigieni mwenyekiti wa jumuiya au katekista, ambaye atawasiliana na ofisi ya parokia. Kama hali ni ya haraka, rukeni ngazi zote na kumpigia paroko au paroko msaidizi moja kwa moja, kwa sababu hakuna itifaki inayozidi uhai wa mtu. Mpigaji aseme mambo haya bila kuzunguka: jina la mgonjwa na umri wake, kama amebatizwa na kupokea Komunyo ya kwanza, anaugua nini, anaongea au haongei, anameza au hamezi, na yuko wapi hasa. Hapo pa "wapi hasa" ndipo tunapopoteza dakika nyingi Dar es Salaam. Ukimwambia padre "njoo Mbezi, ukifika uliza", umemwachia mji mzima. Mtajie kituo cha daladala, duka la dawa au msikiti ulio karibu, kisha mtu mmoja asimame barabarani na simu yenye chaji. Saa kumi na moja jioni, wakati Barabara ya Morogoro imejaa magari, mara nyingi ni busara kumtafutia padre bodaboda mwenye kofia mbili kuliko kumngoja afike kwa gari lake. Jumamosi jioni na Jumapili asubuhi mapadre wako altareni, kwa hiyo ugonjwa usio wa dharura upangiwe siku ya katikati ya wiki, wakati padre anaweza kukaa na mgonjwa bila kutazama saa.

Anayeruhusiwa kutoa sakramenti hii ni padre au askofu tu. Shemasi haruhusiwi, sista haruhusiwi, katekista haruhusiwi, hata kama wao ndio wanaomletea mgonjwa Komunyo kila Jumapili. Nalisema wazi kwa sababu hapa jijini chupa za mafuta ya upako zinauzwa hadi stendi, na wapo waamini wetu wanaozichanganya na mafuta ya wagonjwa, ambayo hubarikiwa na askofu katika Misa ya Krisma karibu na Pasaka, ingawa padre anaweza kuyabariki mwenyewe wakati wa shida. Roma ilitoa maagizo mwaka 1997 kwamba walei wasiwapake wagonjwa mafuta yoyote kwa namna inayofanana na sakramenti. Kama jirani mwema ameleta chupa yake, mshukuruni kwa upendo wake na muiweke mbali padre anapokuja, ili mgonjwa asibaki anajiuliza ni mafuta yapi yalimfanya nini.

Kuandaa chumba

Hayahitajiki mapambo. Wengi wetu tunaishi katika vyumba vya kupanga, kitanda kimeshika nusu ya nafasi, na padre analijua hilo. Mnachohitaji ni meza ndogo au stuli iliyotandikwa kitambaa cheupe kisafi, msalaba, mshumaa mmoja au miwili, maji ya baraka na kijitawi cha kunyunyizia, Biblia, na glasi ya maji ya kunywa pamoja na kijiko. Wekeni pia pamba kidogo au kitambaa cha karatasi, na kipande cha limau au cha mkate, kwa kuwa mapadre wengine hukitumia kujifuta mafuta vidoleni. Mwosheni mgonjwa uso na mikono, maana hapo ndipo atakapopakwa, na kama mikono yake imefungwa bendeji au ina dripu, mwambieni padre mapema, naye atachagua sehemu nyingine inayofaa ya mwili. Kwa dharura, mpako mmoja kwenye paji la uso unatosha.

Kama mgonjwa anatumia mtungi wa oksijeni, msiwashe mshumaa wala kiberiti chumbani humo, hata kwa dakika moja. Weka mshumaa usiowashwa, au usiweke kabisa. Sakramenti haipungui chochote kwa kukosa moto, lakini nyumba inaweza kuungua.

Zimeni televisheni, na simu ziwekwe kimya. Majirani watakaokuja karibisheni, wakiwamo Waislamu, ambao mtaani kwetu mara nyingi ndio wa kwanza kufika na chupa ya chai. Wao hukaa kwa heshima kuliko baadhi yetu. Ila muda wa kitubio ukifika, kila mtu atoke, awe mume, mke au mtoto aliyemuuguza miezi sita. Tokeni hadi barazani, msiishie nyuma ya pazia. Mgonjwa anayejua kwamba dada yake anasikia hataungama, na padre hawezi kuwafukuza bila kuwaaibisha, kwa hiyo mwenyekiti ndiye aseme, "Jamani, tumpishe Baba." Kama mgonjwa hawezi kusema, padre anajua namna ya kumsaidia kwa maswali mafupi na ishara ya kubana mkono.

Padre anapoingia hadi anapotoka

Mara nyingi atawaamkia kwa "Tumsifu Yesu Kristo", nanyi mtaitikia "Milele, amina", kisha ibada yenyewe itaanza kwa kuitakia amani nyumba na wote wanaokaa humo. Atanyunyiza maji ya baraka, ukumbusho wa ubatizo, na kuwaeleza kwa ufupi maneno ya Mtume Yakobo, sura ya tano, kuhusu mgonjwa anayewaita wazee wa Kanisa wamwombee na kumpaka mafuta. Inafuata toba ya pamoja, au kitubio cha mgonjwa kama hakijafanyika. Baadaye husomwa somo fupi la Injili. Ombeni mmoja wa familia aliandae, na habari ya yule akida aliyemwombea mtumishi wake katika Mathayo 8:5-13 ni mojawapo ya masomo yanayopendelewa. Msomaji asome taratibu, akimtazama mgonjwa mara moja moja, kwa sababu anamsomea mtu aliyechoka na sauti ya kanisani haihitajiki.

Kisha linakuja tendo ambalo familia nyingi huliharibu bila kujua. Padre anaweka mikono yake juu ya kichwa cha mgonjwa, na hasemi neno lolote. Ni ishara ya kale ya Kanisa, na utaratibu wa 1972 umeipa nafasi yake pamoja na ukimya wake. Sisi, tulivyozoea, ukimya ukizidi nukta tano mama mmoja ataanzisha wimbo. Msianzishe. Mwaka juzi nilishuhudia mzee mmoja, fundi seremala, akiwekewa mikono katika chumba kilichokuwa kimya kiasi kwamba tulisikia matone ya bomba la nje; padre hakuondoa mikono upesi, na yule mzee, aliyekuwa hajalia tangu alipoambiwa majibu ya vipimo, alitokwa na machozi yaliyoteremka hadi masikioni kwa sababu alikuwa amelala chali. Nadhani wimbo wowote ungemnyang'anya nafasi ile.

Padre atatoa shukrani juu ya mafuta, atafungua kichupa chake kidogo, ambacho mara nyingi ndani kina pamba iliyolowa mafuta, na kwa kidole gumba atampaka mgonjwa kwenye paji la uso huku akisema sehemu ya kwanza ya sala, nanyi mtaitikia "Amina". Kisha atampaka mikononi akimalizia sehemu ya pili, na mtaitikia tena. Mikono ya mgonjwa ishikwe viganja vikiwa wazi, na anayemshika awe mtu anayemzoea. Kama kuna ugonjwa wa kuambukiza, padre anaweza kutumia pamba au kifaa kingine badala ya kidole, na hilo lisiwashangaze. Baada ya sala ya kuombea afya, wote mtasali Baba Yetu, na mgonjwa atapokea Komunyo.

Hapo kwenye Komunyo kuna mambo mawili. Sheria ya kufunga saa moja kabla ya kupokea haimhusu mgonjwa wala anayemuuguza, kwa hiyo msimnyime uji wala dawa kwa kisingizio hicho, na ninyi mnaokesha naye mnaweza kupokea pamoja naye kama mko tayari kiroho. La pili ni kumeza. Mwambieni padre ukweli, naye atampa kipande kidogo tu pamoja na kijiko cha maji, au pale isipowezekana kabisa, Damu ya Kristo katika umbo la divai peke yake, jambo ambalo Kanisa linaruhusu lakini linahitaji maandalizi ya Misa. Anayelishwa kwa mpira wa puani msimlazimishe kitu mdomoni bila kumuuliza muuguzi.

Hospitalini

Hospitali kubwa za jiji hili hupokea wagonjwa wa dini zote, na wauguzi wamezoea kuona padre akiingia, ila wodi ina utaratibu wake. Zungumzeni na muuguzi wa zamu kabla padre hajatoka parokiani, hasa kama mgonjwa yuko katika chumba cha mahututi, ambako ruhusa hutolewa kwa mtu mmoja mmoja na kwa dakika chache. Jaribuni kuepuka saa za kutazama wagonjwa, ingawa ndizo rahisi kuingilia geti, kwa sababu wodi imejaa na kitubio hakiwezekani. Ulizeni pia ni parokia gani inayoihudumia hospitali ile, maana padre wa hapo anaweza kufika kwa mguu wakati wenu bado yuko kwenye foleni ya Ubungo. Padre yeyote anaweza kutoa mpako huu inapobidi. Si lazima awe wa parokia yenu, na familia zinazong'ang'ania "tunamtaka Baba Paroko wetu" wakati mgonjwa anatweta zinahitaji kuelezwa kwa upole lakini bila kuremba.

Muda unapokuwa umekwisha

Hali ikigeuka ghafla, ombeni padre na semeni neno "mahututi" ili ajue. Muda ukibana kabisa atafupisha: kitubio, hata kwa maneno machache, kisha Viatiko, kisha mpako kama nafasi ipo; mgonjwa asipoweza kumeza, atapakwa. Padre anaweza pia kumpa baraka ya kitume yenye rehema kamili, yaani msamaha wa adhabu zote za dhambi zilizokwisha kuondolewa. Wakati mnamngoja msikae mkilia tu. Sala ya kutubu isomwe polepole sikioni mwa mgonjwa, jina la Yesu litajwe, msalaba uwekwe mkononi mwake. Kama aliyelala hapo hajabatizwa na alikuwa anataka ubatizo, na padre hatafika, mtu yeyote anaweza kumbatiza kwa kummiminia maji kichwani akisema, "Nakubatiza kwa jina la Baba, na la Mwana, na la Roho Mtakatifu." Mtoe taarifa parokiani baadaye.

Shangazi yangu alifia mikononi mwetu siku ya Ijumaa. Alikuwa ameugua ini tangu Kwaresima, na Jumanne ya wiki hiyo aliniuliza kama padre anaweza kupita. Mimi, mwenyekiti, niliyekuwa nikiwafundisha wengine, nilimjibu tusubiri Jumapili baada ya Misa ya pili ili padre aje kwa nafasi. Ijumaa alasiri tulipiga simu, padre akaondoka papo hapo, akakwama barabarani, na alipofika ilikuwa imepita robo saa tangu pumzi ya mwisho, na daktari wa jirani alikuwa amethibitisha. Padre alikishika kile kichupa kwa muda, akaniangalia, akakirudisha mfukoni. Hakupaka. Sakramenti ni za walio hai, na kanuni ya 1005 inaruhusu mpako pale tu ambapo kuna shaka kama mtu amefariki au la. Sisi hatukuwa na shaka. Akavaa stola, akapiga magoti sakafuni, akatuongoza katika sala za kumkabidhi marehemu kwa Mungu, sala nzuri ambazo sikuzisikia hata moja. Kwa hiyo akina ndugu wanaompigia padre wakiwa tayari mlangoni mwa mochwari, wakimwomba "ampake hata kidogo", siwashangai, ila jibu nalijua.

Michango, ndoa, na mambo yanayowazuia watu

Wapo wanaochelewa kwa sababu ya aibu. Hawajalipa zaka mwaka mzima, kadi ya jumuiya imepotea, hawajahudhuria tangu walipohama. Nimewahi kusikia kiongozi wa jumuiya fulani, ambayo sitaitaja, akimjibu binti wa mgonjwa, "Kwanza tuangalie daftari." Jibu hilo halina msingi katika sheria yoyote ya Kanisa. Kanuni ya 848 inasema wazi kwamba wahitaji wasinyimwe msaada wa sakramenti kwa sababu ya umaskini wao, na mpako hauna bei. Nauli ya bodaboda ni jambo la kawaida la adabu, na pale familia isipoweza, jumuiya ilipe. Daftari litafunguliwa baadaye.

Jambo la ndoa ni gumu zaidi, kwa kuwa wagonjwa wengi wanaishi na wenzi wao bila kufunga ndoa kanisani. Ni kweli kwamba mpako hautolewi kwa anayeng'ang'ania waziwazi katika dhambi kubwa, lakini nani anang'ang'ania na nani anatubu si uamuzi wa mwenyekiti, wala wa mashemeji. Mwiteni padre, mwambieni ukweli kabla hajaingia chumbani, kisha mwacheni afanye kazi yake. Nimeona ndoa ikifungwa kando ya kitanda, mashahidi wakiwa ni mpangaji mwenza na mimi, bibi arusi akiwa amevaa khanga ya Jumapili iliyopita.

Misa ya wagonjwa

Parokia nyingi huadhimisha Siku ya Wagonjwa Duniani tarehe 11 Februari, siku ya Bikira Maria wa Lourdes, ambayo Papa Yohane Paulo II aliianzisha na ikaadhimishwa kwa mara ya kwanza mwaka 1993. Katika Misa hiyo mpako hutolewa baada ya homilia, yaani mahubiri, na mgonjwa anajiona akiwa katikati ya Kanisa lake, hayuko peke yake kitandani. Kazi ya jumuiya ni kuandikisha majina mapema, kuwatafutia bajaji wasioweza kutembea, kuwakalisha karibu na feni, na kuwaeleza wengine kwamba foleni hii si ya kila mwenye mafua. Utaratibu wenyewe unaonya dhidi ya kuwapaka watu ovyo kwa kuwa tu wamekuja, na mapadre wanaopaka kanisa zima ili kumfurahisha kila mtu hawawasaidii wagonjwa wa kweli.

Padre akishaondoka nyumbani, pamba na karatasi zilizofutia mafuta zichomwe moto, maji ya kunywa aliyobakiza mgonjwa yamwagwe kwenye udongo, na meza irudishwe mahali pake. Mwenyekiti aandike tarehe ya mpako katika daftari la wagonjwa na kupanga ni nani atakayemletea Komunyo Jumapili zinazofuata. Mgonjwa aachwe alale kwanza. Wengi hulala usingizi mrefu siku hiyo, na familia huwa na hofu na kumwamsha kila dakika kumi kuona kama anapumua. Mpeni saa mbili, kisha mpelekeeni uji.